Triko Inamufinya Bahati

Maman Monitrice hakuwahi kuvaa triko. Watu waliopanda Bagira, mtaani kwetu Bukavu, kumtafuta, wakiwa wameambiwa kwamba kule kuna mama anayefuma kuliko wote, walimpita barabarani bila kumjua, kwa sababu macho yao yalitafuta mtu aliyevaa kitu cha kufumwa. Yeye alivaa koti la mvua la kiume, rangi ya kijani, zipu imekufa, alilolichomoa kwenye balo la mitumba sokoni Kadutu. Chini yake kitenge, na chini ya kitenge, asubuhi za baridi, suruali ya michezo. Ukimwuliza kwa nini, alikujibu bila kuinua kichwa: "Nikivaa triko, ntaifumua."

Na ilikuwa kweli. Triko ni sweta, sisi wa Bukavu tunaiita hivyo, na kwa kuwa mji wetu uko juu na baridi yake haina aibu, hakuna nyumba isiyo na triko nyuma ya mlango. Mwingine akiiona triko anaona nguo. Maman Monitrice aliona uzi ambao mtu ameufunga vibaya. Nyuzi mpya za dukani hazikumvutia, alisema zinanuka mafuta na hazijapata akili. Alikwenda kwenye balo, akageuza sweta za Ulaya ndani nje, akatazama mshono wa ubavuni. Kama ukingo ulikuwa umekatwa na mashine, aliitupa, maana uzi wake ungetoka vipande vipande. Kama ukingo ulikuwa mzima, aliibeba kwapani na siku hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuwa uzi, umezungushwa mgongoni mwa kiti, umefuliwa, umetundikwa uani na jiwe limefungwa chini ili unyooke.

Jirani yetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikwenda kumpa pole ya mafua na akasahau triko yake kitini. Kesho yake aliikuta iko katika madonge manne ya uzi. "Mukono ya kushoto ilikuwa murefu kupita ya kuume," Maman Monitrice alimweleza. "Sikuweza kuiangalia vile. Ntakurudishia." Alimrudishia baada ya juma moja, nzuri kuliko ya kwanza, ila ya kwanza ilikuwa na kola na hii haikuwa nayo. Mwalimu alishukuru kwa sababu hakujua la kufanya lingine.

Nilimjua kwenye foyer. Foyer yetu ni chumba kirefu nyuma ya kanisa la parokia, ambamo wasichana walioacha shule na akina mama walioolewa mapema hufundishwa kushona, kufuma, na kuoka keki ambazo baadaye hakuna anayeoka. Anayefundisha pale anaitwa monitrice, na yeye alikaa sana kwenye kazi hiyo hata jina lake la ubatizo likabaki kwenye karatasi za kanisa tu. Mimi niliingia nikiwa msichana, nikatoka nikijua kazi, na kwa kuwa tuliishi avenue moja, yaani barabara moja ya mtaa, sikupata nafasi ya kuacha kuwa mwanafunzi wake. Mpaka leo, nikiwa na mashine yangu na wateja wangu, mtu akikohoa nyuma yangu ninaficha mshono.

Neno lake lilikuwa moja. Ulileta kazi yako, aliiweka magotini, aliinyoosha, aliitazama kwa muda unaotosha kukuharibia siku, kisha akasema: "Fumua, mwana wani." Mwana wani ni kwa Mashi, lugha ya kwetu, maana yake mwanangu, na alilitia pale ili neno la kwanza lisikuue. Hakukasirika. Hakupiga kelele kama yule aliyefundisha keki. Aliitaja kufumua kama vile mtu anavyotaja kunawa mikono, na msichana akilia alimwambia: "Lia, lakini usilowanishe uzi." Yake mwenyewe pia aliifumua. Nilimwona akimaliza shali la padri, akalikunja, akalifunga kwenye karatasi, akakaa, akalifungua, akaanza kuvuta.

Kanisani alikaa nyuma kabisa. Wengine walidhani ni unyenyekevu. Mimi nilikaa naye mara nyingi, na ninajua kwamba alikaa pale kwa sababu ndipo panapoonekana migongo. Wakati wa mahubiri alisema polepole, kwa sauti ya sala, "Ule mama, mabega yanaanguka," na alipokwenda kukomunika alirudi akiwa amepata habari zaidi. Alikuwa mtu wa Mungu kweli, sisemi hapana. Alisali rozari kila siku. Lakini nadhani alimwamini Mungu zaidi kwa sababu Mungu aliumba migongo.

Kuhusu migongo alikuwa na elimu yake. Alipima kwa mkono, yaani kwa shibiri, kutoka ncha ya dole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, mkono umetanuliwa mpaka ngozi inavutika. Yeye aliita "mukono." Mtoto mchanga alikuwa mkono mmoja mgongoni. Mtoto wa komunio ya kwanza, mikono miwili kasoro. Mtu mzima, kuanzia mikono mitatu. Alipima mgongoni tu, hakupima kifuani hata siku moja. "Mbele kunapumua," alisema, "kunabadilika-badilika." Na hakuomba ruhusa. Ulikuwa umesimama kwenye bomba la maji na ndoo yako, ukasikia vidole vinatembea kutoka bega moja kwenda jingine, ukajua kwamba Maman Monitrice amefika na kwamba sasa anakujua. Padri mpya alipopeana naye mkono mara ya kwanza, mkono wake wa pili ulikuwa tayari mgongoni kwa padri.

Mètre, ule utepe wa kupimia ambao kila fundi wa nguo anauvaa shingoni, haukugusa mtu darasani kwake. Masista waliosimamia foyer walileta mètre kumi na mbili mpya, za njano. Aliwashukuru kwa heshima. Moja alifungia pazia la dirisha, nyingine zilifunga mifuko ya nyuzi, na iliyobaki ilishikilia mlango wa kabati usifunguke. Sista alipouliza, alijibu kwa Kifaransa kizuri kwamba zinasaidia sana.

Sababu alinieleza siku moja tukiosha nyuzi. Bwana yake alipofariki, fundi wa mbao alikuja na mètre, akampima pale kitandani kuanzia kichwani mpaka kwenye kisigino, akaandika namba kwenye kiganja chake kwa kalamu ya bic, akaenda kutengeneza sanduku. "Ile mètre njo niliona wa kwanza inapima mutu," alisema. "Tangu pale, mutu muzima miye napima na mukono. Mètre ni ya babwana ba masanduku." Baada ya hapo aliniambia nibadilishe maji, yamekuwa machafu.

Alikuwa na mtoto mmoja, Bahati. Bahati alimaliza shule, akatafuta kazi mjini mpaka viatu vikaisha, kisha akaenda Shabunda kuchimba dhahabu kama vijana wengine wa avenue yetu. Siku aliyoondoka, mama yake alimgeuza mlangoni akampima mgongo mbele ya wenzake: mikono mitatu na vidole viwili. Bahati aliona haya. Kipimo hicho Maman Monitrice hakukiandika popote, na hakukisahau.

Kila mwaka alimfumia triko moja na kuituma. Tulimchekea sana. Shabunda ni msitu, watu wanalala bila shati. "Maman, kule kuko joto!" tulimwambia. Akajibu: "Mu shimo hakuna jua." Triko ilibebwa na mfanyabiashara mmoja aliyepeleka sabuni na chumvi kule kwa zile ndege ndogo za mizigo za uwanja wa Kavumu, sisi tulimwita Papa wa Sabuni. Alirudi baada ya miezi na ujumbe mfupi, kwamba Bahati anasalimu, triko imefika. Wakati mwingine Bahati mwenyewe alipiga simu, akiwa amepanda kilima kinachoshika mtandao, na sauti ilikatika kabla ya salamu kwisha. Simu ya mama ilikuwa ya kubonyeza, haikuweza kuonyesha sura ya mtu.

Katikati ya ujumbe mmoja na mwingine, Maman Monitrice hakulala. Hili lilijulikana na kila mtu aliyeishi karibu. Redio ikitaja kwamba shimo limeporomoka mahali fulani, hata kama ni upande mwingine wa nchi, basi lilikuwa limemfunika mwanawe. Aliacha kula mpaka habari nyingine ije. Alikonda, akawa anafuma mambo ya ajabu, kofia zisizo na mwisho. Mimi nilikwenda kukaa naye, nikamshikia uzi.

Sasa mkono.

Ugonjwa wake ulianza polepole, kwa baridi ya maji ya kufulia nyuzi, nadhani. Madaktari wanaita rimatisi, yaani baridi yabisi. Vifundo vya vidole vilivimba, kisha vidole vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani, na kidole cha mwisho kilikunjika kabisa, hakikunyooka tena. Hakulalamika. Alibadilisha namna ya kushika sindano, akawa anaziegemeza kwapani, na kasi yake ikapungua kidogo tu. Kwa kuwa kufuma kuliendelea, alihesabu kwamba mkono ni mzima.

Lakini shibiri yake ilikuwa imepungua, na yeye hakujua, kwa sababu mtu akipima vyote kwa mkono wake, hana kitu cha kupimia mkono. Siku moja alipima banc, yaani benchi ndefu ya darasa letu, ile aliyotumia kuwafundishia wapya kuhesabu, akakuta imeongezeka mkono mmoja. Alisimama katikati ya chumba akauliza kwa ukali: "Nani alibadilisha banc yetu?" Alimshuku yule wa keki.

Tangu hapo triko za Bagira zikawa ndogo. Watoto wa komunio walipanda altareni na viwiko nje. Watoto wachanga walikaa mapajani mwa mama zao vitovu vikipigwa na upepo wa ziwa. Akina mama hawakumwambia lolote, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha wao, na ndiye aliyewafumia wao walipozaliwa. Mtu wa avenue nyingine akishangaa, walisema ni mode, mtindo mpya. Wanafunzi nao walipata taabu yao. Uliileta triko ya kipimo cha haki, aliiwekea mkono wake, akasema, "Hii ni ya mutu mukubwa kupita. Fumua, mwana wani." Basi wasichana walifumua, wakafuma ndogo, akaikubali, kisha wakaenda nyumbani wakaongeza mistari chini na mikononi bila yeye kujua. Kazi moja wakaifanya mara tatu. Sijawahi kuona darasa lililojifunza kufuma vizuri namna ile.

Triko ya mwaka ule ya Bahati ilikwenda vilevile, mikono mitatu na vidole viwili vya mkono mpya. Papa wa Sabuni aliporudi, alisimama kwenye uzio akasema yale aliyotumwa: "Bahati anakusalimu, maman. Triko ilifika. Lakini inamufinya mabega."

Maman Monitrice aliacha alichokuwa anakifanya. "Inamufinya?"

"Inamufinya mubaya. Hata kuinua mukono hawezi."

Nilikuwepo. Nilimwona akikaa chini kwenye kizingiti, kisha akisimama tena. "Alinenepa!" alisema. "Mwana wangu alinenepa! Munasikia? Kule anakula!" Alitoka barabarani na lile koti lake, akasimama mlango kwa mlango: "Triko inamufinya Bahati!" Mama mmoja alipiga vigelegele bila kuelewa. Kule kwenye bomba la maji alicheza, mtu ambaye hata kwenye ndoa hakucheza, hatua tatu mbele na tatu nyuma, mikono juu. Wote tukacheka naye. Usiku ule, mwanamke aliyekodi chumba ubavuni mwake alisema, kulikuwa kimya, na asubuhi alikuta Maman Monitrice bado amelala jua limetoka.

Akaanza kula. Redio ilitaja mashimo, akasema "Bwana abahurumie," na akaendelea na sindano zake. Mwaka uliofuata aliongeza vidole viwili, kwa ajili ya huo unene. Vidole vyenyewe vilikuwa vimezidi kukunjika, kwa hiyo nyongeza ikaenda bure, na ujumbe ukarudi uleule: inamufinya. Hapo furaha ikawa kubwa zaidi. Bahati wa maneno yake akawa bwana mnene. Alituambia kwamba sasa hata kupanda pikipiki kutamsumbua. Alianza kutafuta ushauri kuhusu watu wenye damu ya kupanda, wasile chumvi nyingi. Kanisani aliwatazama wanaume wenye migongo mipana, akanigusa kiwiko: "Bahati iko kama ule."

Mimi nilikuwa nimeanza kuelewa, na nilimngoja Papa wa Sabuni kwenye kituo cha taxi-bus. Nikamwuliza Bahati yuko vipi.

"Weye unataka nikuambie?" alisema. "Bahati iko mifupa. Malaria inamukamata, inamuacha, inarudia. Shimo yabo haitoe kitu."

"Ju ya nini hukumuambia mama yake?"

"Aliniuliza ju ya triko. Nikajibu ju ya triko."

Nilirudi Bagira. Niliwakusanya wawili niliosoma nao foyer, tukazungumza uani kwangu. Mmoja, Furaha, alitaka aambiwe. Alisema ni aibu mama mzima kutembea mitaani akisifu unene usiokuwepo, na kwamba mkono ni wake, ana haki ya kuujua. Nilimwambia sawa, twende. Tumwambie mkono umepungua. Lakini tukishasema mkono umepungua, Bahati naye anapungua papo hapo, kwa neno lilelile. Halafu nani atakwenda kukaa naye tena akimshikia uzi? Furaha alifikiri. Alisema yeye ana watoto wadogo. Basi hatukusema. Watu wengine wakisikia jambo hili wananitazama wakingoja nijute. Sijuti. Alikuwa analala.

Mara ya tatu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliacha kabisa kipimo cha siku ile ya mlangoni. "Mutu anayeendelea kunenepa, haumukimbilie nyuma," alisema, "unamutangulia." Akafuma kwa kukisia, pana, pana mno kwa kipimo chake, akicheka peke yake. Nilipoitazama ikiwa imelazwa kitandani kabla ya kufungwa, niliona kwamba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu amefuma triko ya mtu wa kawaida. Nikaogopa. Hii ingemtosha Bahati, au ingemzidi, na habari hiyo ingerudi.

Safari hii Bahati alipiga simu mwenyewe. Maman Monitrice alitoka nje na simu, akaweka sauti kubwa ili avenue yote isikie. "Maman, triko ilifika!" sauti ilisema, ikikatika. "Inanifinya! Hii nayo inanifinya!" Alishika simu juu kabisa hewani, kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi nilikuwa dirishani kwangu na sikuelewa kitu.

Kiangazi kilichofuata, alasiri moja, nilikwenda kwake na balo dogo la sweta nilizomchagulia Kadutu. Tulikuwa tunageuza mishono, yeye akitupa, mimi nikiokota, mwangaza ukapungua mlangoni. Alikuwa Bahati. Alikuwa amevaa ile triko ya tatu, kwa sababu Bukavu hata kiangazi kuna baridi na hakuwa na nguo nyingine. Alisema, "Asinge, maman," salamu ya nyumbani, na akabaki pale akishika fremu ya mlango kama mtu anayepumzika.

Maman Monitrice alisimama. Shangwe ilimpanda usoni ikafika hapo ilipofika, ikakwama. Triko haikumfinya Bahati popote. Mabega ya triko yalianguka nje ya mabega yake, mikono ilifunika viganja, na kifuani palibaki nafasi kubwa inayocheza. Shingo yake ilitoka mle ndani nyembamba, na macho yalikuwa na umanjano.

"Geuka," alimwambia.

Bahati akageuka. Aliweka mkono mgongoni mwake akaanza kuhesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu." Mkono ulikuwa bado haujafika bega la pili. "Ine." Akasimama. Akarudia kutoka upande mwingine, akapata vilevile. "Ulikuwaka tatu na vidole mbili," alisema. "Sasa uko ine."

Alimtazama mwanawe kisogoni, pale mfupa ulipojitokeza. "Mutu wa ine haikuwake hivi," alisema taratibu.

Alikuja mezani. Aliusukuma uzi pembeni, akaweka mkono juu ya mbao, akajaribu kuutanua. Dole gumba lilikwenda. Vidole vya katikati vilikwenda kidogo. Kidole cha mwisho kilikaa palepale kimekunjika, akakishika kwa mkono wa kushoto akakivuta, kikarudi. Aliutazama mkono huo muda mrefu, nami nilitamani kuwa popote pengine, hata Shabunda.

"Kumbe ni huyu," alisema, akikigonga kile kidole. "Haiko weye ulinenepa. Ni miye njo nilipunguka." Kisha, bila kunigeukia: "Na weye ulijua."

"Nilijua, maman."

"Na bale bengine."

"Bote."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Alikuwa anapanga. Nilimwona akirudi nyuma kwa mawazo, akipitia komunio, vitovu, banc, akifika kwenye simu ile iliyoshikwa juu hewani. Hapo akageuka.

"Hii triko haikufinye, Bahati."

"Hapana, maman."

"Ulinipigia simu, ukaniambia inakufinya. Batu bote balisikia."

Bahati alikuwa amekaa juu ya balo la sweta, maana miguu ilikuwa imechoka. "Ile ya kwanza na ya pili zilinifinya ya kweli," alisema. "Halafu Papa wa Sabuni akaniambia vile ulicheza pa bomba. Akasema tangu pale unalala usingizi. Sasa hii ilipofika, nikavaa, nikaona ni kubwa. Nikapanda kilima, nikapiga. Kama kunifinya njo kunakulalisha, maman, basi inanifinya."

Maman Monitrice alikaa. Alijifuta uso kwa pindo la koti, mara moja, kwa nguvu, na machozi hayakurudi. Nilidhani atamlaani, au atamkumbatia, au ataniambia mimi nitoke. Alinyoosha mkono ule uliokunjika, akashika triko kifuani mwa mwanawe pale palipobaki wazi, akakunja nafasi iliyozidi ndani ya ngumi yake kuona ni kiasi gani. Ngumi ilijaa.

"Utarudia Shabunda," alisema, "siku hii triko itakufinya. Ntaweka mukono yangu hapa, nikose kitu ya kushika. Mbele ya ile siku, hapana."

"Maman, mu shimo banangojea..."

"Kaa."

Alinipa sufuria nikateke maji ya bugali, na yeye akapiga magoti kuwasha makaa. Bahati akakaa.